Familia ya Bibi Mwajuma: Jumamosi ya bamvua

JUMAPILI

Rehema: Shikamooni wakubwa wote. Shule zinafungwa Ijumaa, na mwanangu Idrisa hanipi usingizi, ni bahari tu. Naomba safari hii twende wote kisiwa cha Mbudya. Ufukwe wa Koko ameshauzoea, na anataka kuona wale kaa wa minazi wakubwa aliosimuliwa na babu yake Shabani.

Mjomba Shabani: Marahaba mama. Mimi nipo. Twende Jumamosi hii hii.

Juma: Shikamoo mjomba. Jumamosi hii nina mechi ya mtaa. Haiwezekani tukasogeza wiki moja mbele?

Mjomba Shabani: Marahaba. Juma mwanangu, ukisogeza wiki utakuta maji mafu. Alhamisi hii mwezi unakuwa mpevu, kwa hiyo Jumamosi tuko ndani ya bamvua. Maji yatakupwa sana, mwisho wake kama saa tano na nusu asubuhi, mwamba wote unafunuka. Hapo ndipo mtoto anaona kitu. Wiki inayofuata maji hayaendi mbali hata kidogo, ataona mchanga na watu wanaoogelea, basi. Wengi wanachagua siku kwa kuangalia nani ana nafasi, halafu wanarudi wanasema kisiwa hakina kitu.

Juma: Dah. Sawa mjomba, nitamwomba kocha.

Mama mdogo Asha: Kaka na huo upepo wa kaskazi je? Mimi boti naogopa, hilo mnalijua.

Mjomba Shabani: Asubuhi huwa imetulia, inachangamka mchana. Ndiyo maana tunavuka saa tatu na kurudi saa tisa na nusu, hatusubiri jioni. Pale Kunduchi hadi kisiwani si mbali, unakiona ukiwa umesimama ufukweni. Na hakuna atakayepanda bila jaketi okozi. Nitazikagua mwenyewe moja moja kabla hatujaondoka.

Mama mdogo Asha: Hapo nimekuelewa.

JUMATATU

Rehema: Usafiri tumekubaliana: wa Mbagala na wa Kigamboni mkutane Mwenge saa moja na nusu. Daladala hadi Mtongani, pale bajaji hadi ufukweni. Kiingilio cha hifadhi kinalipwa kwa simu, kuna namba ya malipo, nitalipia wote halafu mnirudishie.

Mama mdogo Asha: Chakula? Pale wana samaki wa kukaanga na chipsi lakini sisi ni wengi. Nitapika pilau, naomba hotpoti mbili.

Juma: Mimi naleta spika.

Mjomba Shabani: Juma, spika iache nyumbani. Nakuomba. Kile kisiwa ni hifadhi, kilitengwa mwaka 1975 pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Ukiingia kwenye njia ya msituni ukanyamaza dakika tano tu, utasikia majani makavu yanachakarika kila upande. Ni kaa wanatembea. Ukiwasha muziki unasikia muziki, na muziki hata Tegeta upo.

Juma: Nimeelewa mjomba. Naiacha.

Rehema: Bibi ametuma ujumbe wa sauti. Kwa mlio kazini nauandika: "Wajukuu zangu, kila mtu na yeboyebo zake miguuni, wale wadudu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi hawana huruma. Na msiinue jiwe mkaliacha limepinduka. Chini yake kuna nyumba za watu. Mnalirudisha lilivyokuwa. Marehemu babu yenu alikuwa hamchukui mtoto pwani mara ya pili kama mara ya kwanza ameacha mawe juu chini."

Mama mdogo Asha: Mama na mawe yake 😊 Tulilelewa hivyo hivyo.

Mjomba Shabani: Na maneno ya mama yashikeni. Mimi nimekua Kunduchi, naikumbuka milio ya baruti asubuhi, unaisikia hadi kwenye kifua. Mtu alipata ndoo ya samaki kwa sekunde moja na kuacha kifusi. Tumbawe la duara linakua kama sentimita moja kwa mwaka. Lenye ukubwa wa besen ya kufulia lilianza kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Kwa hiyo tukitembea mwambani tunakanyaga mchanga na mwamba mtupu, kilicho hai hatukanyagi.

JUMAMOSI

Rehema: Tumefika salama. Mama Asha alifumba macho njia nzima lakini kafika 🙏🏽

Rehema: [picha] Kiti cha pweza, yule wa umbo la nyota, mwekundu, kwenye dimbwi lisilozidi sahani. Idrisa amelala kifudifudi robo saa nzima anamwangalia. Anasema mikono inasogea kwa miguu midogo midogo ya chini, kama mswaki unaotembea.

Juma: [picha] Jongoo bahari. Sikuwahi kujua kwamba wanameza mchanga na kuutoa umesafishwa. Mjomba kanionyesha vile vijiti vya mchanga nyuma yake.

Mama mdogo Asha: Mama, maji yamekwenda mbali ajabu. Pale tulipoogelea wakati tunafika, sasa hivi ni nchi kavu.

Rehema: Bibi anajibu: "Ndiyo bamvua hiyo. Msisahau kwamba ikirudi inarudi kwa haraka. Saa sita na nusu wote muwe mchangani."

Juma: Tumetoka kwenye njia ya msituni. Kaa wa minazi hatujamwona, askari wa hifadhi anasema hutoka zaidi usiku. Ila alituonyesha shimo chini ya mzizi, mlangoni kuna makumbi ya nazi yamechanwa nyuzi nyuzi kama kamba. Kumbe wanaweza kufika kilo nne na wanaishi miaka zaidi ya arobaini! Kuna anayeweza kuwa ananizidi umri humo ndani.

JUMAMOSI, SAA TATU USIKU

Rehema: Mjomba uko macho? Kwenye begi la Idrisa kuna kombe la konokono wa baharini, nikalisikia linagonga chupa ya maji. Kulitoa, kuna kaa mdogo ndani. Nimemweka kwenye ndoo ya maji na chumvi.

Mjomba Shabani: Mtoe majini sasa hivi mama. Huyo ni kaa wa nchi kavu anayeishi kwenye kombe, ukimzamisha anakufa. Mweke kwenye besen yenye mchanga na kitambaa kibichi, maji yawe yametulia, si ya bomba yenye dawa. Mfunike pasipo na mwanga.

Rehema: Nimemtoa. [picha] Ametoa gando moja. La zambarau, ukubwa wa ukucha wangu wa kidole kidogo. Analikunja na kulifungua taratibu.

Mama mdogo Asha: Jamani, lile kombe mimi ndiye nilimwambia achukue. Niliona zuri, nikasema litakaa sebuleni. Nilijua ni tupu. Mtoto asigombezwe.

Mjomba Shabani: Dada, wala usijilaumu, anajificha hadi ndani kabisa. Lakini hata lingekuwa tupu ni nyumba ya anayehamia kesho. Akikua na asipate kombe kubwa zaidi, hana pa kwenda. Na kitu kingine: kaa wa minazi akiwa mdogo naye anakaa kwenye kombe hivi hivi, ni ukoo mmoja. Kwa picha hii siwezi kukwambia huyu ni yupi. Mkubwa wake hajui kuogelea, hawezi kuvuka kutoka bara kurudi kisiwani. Waliopo Mbudya wanapungua kila tunapochukua mmoja.

Rehema: Idrisa analia. Anasema tumemwiba.

Mjomba Shabani: Mwambie babu yake anakuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tutakwenda naye Kunduchi, nahodha wa leo namfahamu, anavuka na wageni wa kwanza.

Mama mdogo Asha: Nauli ya boti natoa mimi. Naja pia.

Juma: Mama, boti mara mbili wiki moja?

Mama mdogo Asha: Nimesema naja.

JUMAPILI

Mjomba Shabani: [video] Tumemweka kwenye kivuli pembeni mwa njia. Alikaa kimya dakika saba, nimehesabu. Halafu akatoa macho, akatoa miguu, akaburuta kombe lake akaingia chini ya majani.

Rehema: Bibi kaitazama mara tatu. Anauliza alielekea upande gani.

Mjomba Shabani: Upande wa lile shimo la makumbi. Idrisa kapima kwa hatua zake, ni hatua kumi na nne.