Jina la mfumo wa mchezo: lisajiliwe au liachwe wazi?

Mleta mada: Wadau, hapa Ngamiani, Tanga, tuko sita. Kila Jumamosi alasiri tunacheza mchezo wa kuigiza wahusika mezani: dadu, karatasi na mdomo basi. Tumeutunga wenyewe, watu wanaingia mapango ya Amboni, kutoka ni bahati yao. Tukauita Mapango. Sasa mwenzetu anataka kuliandikisha jina BRELA (wakala wa serikali wa kusajili biashara na alama zake), na atakayetunga kisa kwa kanuni zetu asilitaje kwenye jalada mpaka alipe.

Mimi nakataa nusu. Kanuni hazina mwenyewe: hakimiliki inalinda maandishi yanayoeleza namna ya kurusha dadu, hailindi kule kurusha. Kufuli lililobaki ni jina, ndiyo maana linagombaniwa. Tazameni Wizards of the Coast, kampuni yenye mchezo mashuhuri wa aina hii, Dungeons & Dragons. Mwaka 2000 waliruhusu wachapishaji wengine kubandika nembo ya d20 (alama kwamba kitabu kinachezeka kwa kanuni zao) kwenye vitabu vyao, 2008 wakaiondoa ruhusa. Waliojijengea soko kwa nembo ile ikabidi waibandue.

Mchangiaji, Chumbageni: Yakhe, mtu akitoa kitabu kibovu kaandika Mapango, matusi mtakula nyinyi. Kazi ya alama ya biashara ndiyo hiyo, mnunuzi ajue mali imetoka kwa nani. Na usipoandikisha wewe, ataandikisha mwenzio.

Mchangiaji, Bagamoyo: Bao kaliandikisha nani? Huku tunanamua na kutakata, hakuna aliyelipia neno. Halafu mchezo wa mapango kuuita Mapango! Jina linaloeleza bidhaa yenyewe ni gumu kusajilika.

Mleta mada: La kitabu kibovu limenigusa, nakubali. Basi liandikishwe: miaka 7 ya kwanza, kisha 10 kila tukihuisha (hiyo ni Bara, Zanzibar wana msajili wao). Ila siku hiyohiyo tuandike ruhusa kwamba yeyote anaweza kusema "kisa hiki kinachezeka kwa kanuni za Mapango", na sisi tusiwe na uwezo wa kuifuta. Wizards wenyewe, Januari 2023, wachezaji walipowaka juu ya leseni mpya iliyotaka kuwabana watunzi wengine, waliziweka kanuni zao za msingi chini ya Creative Commons, leseni huria ya kutumia kazi ya mtu, ruhusa isiyorudishwa nyuma. Jina la mchezo wakabaki nalo. Bila karatasi hiyo mimi ada sichangii.

Wa Bagamoyo, umenitia wasiwasi. Msajili akilikataa, tuite nini?