Acheni kuwadanganya wasafiri: "funga vakyumu, itapita" ni uongo

Wakuu,

Nimechoka, ndiyo maana nafungua uzi huu. Kila vyuo vya nje vinapokaribia kufunguliwa, magrupu ya WhatsApp yanajaa wataalamu wa mchongo. "Funga vakyumu." "Zungushia foili, mashine haioni." "Mwagia kahawa, mbwa hatanusa." "Andika ni dawa ya asili." Mtoto wa watu anapanda ndege na kilo tano za nyama kavu na kopo la samli, anashuka Frankfurt, mzigo unaishia kwenye pipa na faini juu. Aliyemshauri ameshahamia mada ya Simba na Yanga.

Wauzaji nao hawana haya. Wanauza "paketi maalumu za safari": nyama ya kukausha kwenye mfuko uliovutwa hewa, lebo ya rangi, bei mara mbili. Mfuko ule unazuia ukungu na harufu, basi. Forodhani hawaulizi umefungaje. Wanauliza kilichomo kimetokana na mnyama gani au mmea gani, na kimetoka nchi gani. Na msiniambie "mbona kaunta ya ndege walinipitisha". Kaunta inapima kilo 23. Sheria za nchi unayokwenda si kazi yao.

Tuanze na Umoja wa Ulaya, maana huko ndiko watu wanakochanganya zaidi.

Nyama na maziwa kutoka kwetu havipiti kwenye mzigo wa abiria. Hakuna kiwango cha "kidogo tu cha kula mwenyewe". Kukaanga, kubanika, kukausha, kutia chumvi, hakuna kinachobadilisha kitu: nyirinyiri, mishikaki, sambusa za nyama, mtindi, jibini, samli, vyote vimo. Kilichoachwa ni maziwa na chakula cha watoto wachanga, na chakula maalumu cha mgonjwa, hadi kilo 2, kwa masharti matatu: kiwe cha kiwandani chenye chapa, pakiti haijafunguliwa (isipokuwa kinatumika muda huohuo), na kisihitaji friji kabla ya kufunguliwa. Mikate, keki, biskuti, chokoleti na vitu vitamu visivyo na nyama ndani vinaruhusiwa. Kwa hiyo halua ya Zanzibar iliyopikwa kwa samli inapita, na kopo la samli lililo pembeni yake linakamatwa. Chekeni, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa kinachoniudhi kupita vyote: samaki! Watu wanaacha dagaa nyumbani kwa hofu, halafu wanabeba nyama. Samaki kwa matumizi yako Ulaya wanakuruhusu hadi kilo 20 kwa jumla, au samaki mmoja kama peke yake anazidi uzito huo. Samaki mbichi lazima awe ametolewa matumbo. Dagaa wa Mwanza au Kigoma waliokaushwa wanahesabika kuwa wamesindikwa, kwa hiyo habari ya matumbo haiwahusu. Kinachowaponza ni kukauka nusu nusu: unyevu ukibaki, wadudu na funza wanaingia, na mzigo wenye wadudu unatupwa hata kama samaki anaruhusiwa. Waanike tena, wachague mmoja mmoja, toa mchanga, kisha mifuko miwili mizito, mmoja ndani ya mwingine, na karatasi yenye jina la samaki kwa Kiingereza au lugha ya huko. Ofisa asiyejua anachokiona atakuchelewesha tu.

Papa mkavu mwacheni. Familia nzima ya papa wanaoitwa kitaalamu Carcharhinidae iliingizwa mwaka 2022 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na papa nyundo walitangulia. Ile ruhusa ya kilo 20 haifuti sheria za viumbe wanaolindwa. Beba nguru.

Asali: kilo 2 kwa mtu. Ndoo ya lita tano kutoka Tabora ni karibu kilo saba, msijifanye hamjui hesabu.

Matunda na mboga mbichi: tangu 14 Desemba 2019 karibu kila kitu kinataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Embe halimo. Parachichi halimo. Kisamvu kibichi, matembele, bamia, pilipili mbichi, vyote vinataka cheti. Viazi mviringo kutoka kwetu ni marufuku kabisa. Cheti kinatolewa na mamlaka ya afya ya mimea, yaani TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya, baada ya mkaguzi kuuona mzigo, na kisizidi siku 14 kabla ya mzigo kuondoka. Kwa embe kuna masharti ya ziada ya nzi wa matunda, kwa hiyo mfuko wako wa embe dodo sahau. Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka embe Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi hao, na ikarudi sokoni 2021. Wewe na kilo tatu utashinda vipi?

Vilivyosagwa, kupikwa au kukaushwa sawasawa havina shida kubwa Ulaya: unga wa dona, wa muhogo, wa ulezi, mlenda mkavu, kisamvu kikavu, achari ya embe, ukwaju, majani ya chai, kahawa iliyokaangwa. Achari ni ya sanduku la chini, sheria ya mililita 100 za vimiminika kwenye begi la mkononi inaihusu.

Tusichanganye: Uingereza ilishatoka kwenye Umoja, ina orodha yake, isomeni kivyake.

Marekani ni mchezo mwingine. Mabegi unayachukua na kuyapitisha forodhani kwenye uwanja wa kwanza unaotua, hata kama tiketi inaendelea mji mwingine. Wale mbwa wadogo aina ya beagle wanafundishwa kwanza harufu tano: tofaa, machungwa na jamii yake, embe, nguruwe na ng'ombe. Embe imo, na kahawa yenu haiwasumbui. Viungo vikavu vingi vinapita, lakini mchaichai haupiti, wala majani ya milimau na mindimu. Na unga usiweke kwenye begi la mkononi: tangu 30 Juni 2018, poda ya mililita 350 au zaidi inakaguliwa zaidi na inaweza kukataliwa kabla hujapanda ndege.

Sasa sikieni jambo ambalo wataalamu wa magrupu hawalisemi kwa sababu halina ujanja ndani yake. Jaza fomu kweli. Ukiulizwa kuhusu chakula, sema ndiyo. Marekani ukitangaza kitu kilichokatazwa, wanakichukua, unaondoka. Ukificha, faini ya kosa la kwanza kwa mzigo usio wa biashara inaweza kufika dola 1,000. Kanada, dola 1,300 za kwao. New Zealand, dola 400 za kwao papo hapo, na asali hawataki hata kijiko. Makaratasi hayo yanauliza "umebeba chakula?", hayaulizi "umebeba chakula kibaya?". Biskuti ni chakula. Weka tiki.

Majibu yaliyofuata:

Kontena_Futi20: Mkuu umegusa ndege tu. Wanaohama na familia wanadanganywa kwenye meli. Wakala anakuambia "una msamaha wa kuhamia, jaza unachotaka". Ule msamaha wa Ulaya ni wa ushuru na kodi: uwe umeishi nje ya Umoja angalau miezi 12, vyombo uwe umevitumia angalau miezi 6, na uviingize ndani ya miezi 12 tangu uanze makazi. Akiba ya jikoni ya kawaida ya familia imo ndani ya msamaha huo, ndiyo, lakini msamaha wa kodi haufuti masharti ya afya ya mifugo na mimea. Pakiti moja ya nyama kavu ndani ya kontena, na kontena zima linasimama bandarini likisubiri ukaguzi, gharama za kulilaza zikihesabiwa kila siku kwa jina lako. Chakula kiwekwe katoni moja, karibu na mlango, na orodha iandikwe kitu kwa kitu na uzito wake. "Food items" peke yake ni kujitafutia ukaguzi.

Sidney_Mbali: Wa Australia msome hapa, maana ya Ulaya hayawasaidii. Kuna mdudu wa ghala anaitwa khapra, na kwa ajili yake tangu 2020 wamekataza kwenye mabegi ya abiria, kutoka nchi yoyote, mchele, maharage, choroko, kunde, mbaazi, dengu, karanga mbichi, pilipili kavu, mbegu za giligilani na bizari nyembamba. Yaani nusu ya viungo vya pilau. Vilivyopikwa au kukaangwa kiwandani vina utaratibu wake. Na si faini tu: viza ya matembezi inaweza kufutwa tangu 2019, na mwaka 2021 wakaongeza wanafunzi na wafanyakazi wa muda. Mwanafunzi unapoteza masomo kwa ajili ya kilo ya mchele wa Kyela!

Mwana_wa_Pwani: Tuache porojo, hawa wazungu wanatuonea tu. Nyama imekauka kama ubao, ina ugonjwa gani?

Mwanzisha uzi: Ndugu yangu, kukauka hakuui kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika, kinakaa miezi ndani ya nyama iliyokaushwa au kutiwa chumvi. Ugonjwa huo ulielezwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921. Ureno uliingia 1957 kwa mabaki ya chakula cha abiria wa ndege waliyolishwa nguruwe karibu na uwanja wa Lisbon. Georgia ukatua 2007, ukasambaa hadi Urusi na Ulaya. Miguu na midomo nao, Uingereza 2001, waliua mifugo zaidi ya milioni 6. Hata sisi tunamjua dumuzi: alitokea Amerika ya Kati, akaingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na mpaka leo anageuza mahindi kuwa vumbi kwenye maghala yetu. Sheria ni sahihi. Hasira zangu ni kwa wanaowapeleka watu kuvunja sheria hizo bila kuwaambia.

Shangazi_wa_Muscat: Wa Ghuba msijisahau. Kungumanga Saudia hairuhusiwi, nzima wala ya unga, na watu wa Zanzibar wanaijaza kwenye zawadi za jamaa walioko Jeddah. Falme za Kiarabu (Emirates) hawataki khashkhash, zile mbegu ndogo za mpopi. Wanaobeba pemba kwa ajili ya wajawazito nao wajue: ule ni udongo, na udongo Ulaya hauingii, Marekani unataka kibali.

Kontena_Futi20: Nyongeza kwa maharage, kwa nchi zinazoyaruhusu. Fukusi huwa ndani ya punje tayari, huwaoni. Weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki nzima, yakiwa ndani ya mfuko uliofungwa. Ukiyatoa usifungue mfuko mpaka yarudi joto la kawaida, la sivyo yanatoka jasho na kuota ukungu njiani.

Shangazi_wa_Muscat: Na vifurushi vya "nibebee tu, ni majani ya chai ya mama". Fungua kila kimoja mbele ya aliyeleta, kilichoshonwa au kubandikwa gundi kirudishe. Mirungi Uingereza ni dawa ya kulevya kisheria tangu 24 Juni 2014, na atakayeulizwa ni mwenye begi.