Nyumba ya mabati Katuba (Lubumbashi), joto la Oktoba: nianze na miti, plafo (dari) au feni ya jua?

Mwana_Katuba
Jambo wakubwa. Nyumba ni mita 6 kwa 8, mabati bila plafo, mlango unatazama magharibi. Ndani yuko mama mzee mwenye presha na mtoto wa miezi minne. Jioni umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, unakatika. Ukirudi, feni inazunguka kivivu. Nafikiria kupanda jacaranda mbili mbele ya mlango. Pesa haitoshi kufanya yote pamoja. Nianze wapi?

Fundi Mabati
Anza juu, yaya. Lubumbashi iko karibu nyuzi 12 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwishoni mwa Oktoba jua la saa sita linasimama utosini na paa ndilo linalopigwa zaidi. Rangi nyeupe ya maji, ya nje: kwa paa lako weka hesabu ya mita mraba 60 pamoja na mteremko, litre moja hufunika mita 8 hadi 10, mara mbili, basi litre 12 mpaka 15. Sugua kutu kwa brashi ya chuma, osha kwa sabuni, acha likauke. Paka asubuhi mapema. Bati likishapata moto rangi hukauka kabla ya kushika, kisha hubanduka. Chokaa tupu usipoteze nayo muda, mvua ya Novemba itaiondoa. Na kila kiangazi vumbi jekundu hulitia paa uchafu, lioshe Agosti.

Plafo baadaye. Ila acha matundu ya sentimita 20 kwa 20 kwenye kuta mbili zinazokabiliana, juu ya plafo, na wavu wa mbu. Bila matundu hayo unafungia hewa moto juu ya kichwa cha mama. Styro (povu jeupe la plastiki) karibu na nyaya za umeme, hapana.

Bustani ya Ruashi
Jacaranda inapendeza, lakini inamwaga majani kiangazi na Septemba-Oktoba imebeba maua tu. Kivuli hukikosa wakati wenyewe wa joto! Panda mwembe, hauachi majani. Upande wako wa magharibi ni sahihi, maana jua la saa tisa ndilo linaloingia mlangoni. Shimo sentimita 60 kila upande, mita 5 kutoka ukutani, udongo wa juu uchanganye na mbolea iliyooza vizuri. Panda mvua zikishashika vizuri. Kiangazi cha kwanza mpe ndoo ya litre 20 mara moja kwa wiki. Kikombe cha kila siku hufanya mizizi ibaki juu. Majani makavu yafunike udongo lakini yasiguse shina, mchwa wa huku wanajulikana. Wakati mwembe unakua, weka marakuja (pasheni) itambae juu ya waya mbele ya mlango.

Kabini_Kenya
Feni kivivu: pima volti saa nane mchana na saa moja jioni. Ikiwa jioni ni 160, kosa liko kwenye laini. Mara nyingi fazi moja (mmoja kati ya nyaya tatu za umeme) ya kabini, yaani transfoma ya mtaa, imebebeshwa nyumba nyingi kuliko mbili nyingine. Andikeni vipimo vya nyumba kadhaa za avenyu yenu, mpeleke pamoja, muombe fazi zisawazishwe. Malalamiko ya mtu mmoja hayana uzito. Msiguse wenyewe: netro (waya wa kurudisha umeme) ikikatika, vyombo vinaweza kupata volti 380. Ikiwa volti ni 220 na feni bado inavuta miguu, badilisha kapasita yake (kidude kinachosaidia mota kuzunguka), namba ileile iliyoandikwa juu yake.

Laini kubwa ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita 1.700 tangu 1982, ililetwa kwa ajili ya migodi, si nyumba zetu. Kwa hiyo usiku wa leo tegemea jua: feni ya volti 12, wati 15, kwa muda wa masaa nane usiku ni wati-saa 120. Betri ya maji ya Ah 40 ina wati-saa 480, usiishushe chini ya nusu. Paneli ya wati 80 yatosha, fyuzi karibu na betri.

Mwana_Katuba
Aksanti sana. Na mama mwenyewe, na mtoto?

Mama Dispansera
Mama anywe kabla ya kiu. Dawa ya presha ya kukojoza huongeza ukavu. Asiiache, aulize daktari. Mtoto anyonye mara nyingi zaidi, maji bado. Mama akianza kuchanganyikiwa mwili ukiwa moto, mvueni nguo nzito, mlowesheni, mpepeeni, na njia ya hospitali mkiwa mnaishika. Mbabula, jiko la makala (makaa), ibaki nje hata umeme ukikatika na mvua ikinyesha: makala huongeza joto ndani, na hewa yake ya sumu haina harufu.