Acheni kuwasha injini ya ndege dakika kumi chini mkaita matunzo!

Wakuu, hili linaniudhi. Kila Lycoming O-320 (injini ya pistoni ya ndege ndogo) inayofunguliwa ikakutwa na kutu kwenye silinda na kemshafti (mhimili unaofungua vali) iliyolika, utetezi ni ule ule: "Lakini tulikuwa tunaiwasha kila wiki!"

Ndiyo, na huko kuwasha ndiko kulikoiua. Petroli ikiungua hutoa maji, na mvuke wake hupenya kwenye ringi za pistoni hadi ndani ya injini. Ili utoke, oili lazima ifike nyuzi 74 hadi 93 za Selsiasi na ikae hapo. Ndege ikiwa imesimama, upepo wa kupoza hautoshi. Silinda zitachemka kabla oili haijapata joto la maana. Mkizima, mvuke unageuka maji, unachanganyika na asidi za moshi na kuanza kula chuma. Kwenye injini hizi kemshafti iko juu ya kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), kwa hiyo oili yote huchuruzika na kuiacha kavu. Kutu ikishachimba uso wa tapeti (kipande kinachosukumwa na kemshafti), ndege ikiruka uso huo unamegeka na unga wa chuma unajaa kwenye filta. Hapo hakuna kiraka, injini nzima inapasuliwa!

Na nani kawafundisha kuzungusha propela kwa mkono "ili isigande"? Mnafuta oili kidogo iliyobaki kwenye kuta za silinda. Tena waya wa kuzimia magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche za plagi) ukiwa umekatika, injini inaweza kuwaka ghafla mtu akiwa mbele ya propela.

Irusheni! Saa nzima mfululizo kwenye joto hilo, na zisipite siku 30 bila kuruka hivyo. Dar, Mombasa na Zanzibar, kwa unyevu ule na chumvi, mimi nasema wiki mbili. Oili ibadilishwe kila miezi minne hata kama saa za kuruka hazijatimia.

Kama hairuki, ihifadhini kweli: wekeni oili ya kuzuia kutu, rusheni mpaka ipate joto, toeni plagi za cheche za juu, pulizieni kama mililita 60 kila silinda, kisha fungeni mahali pake plagi za silika (zenye chembe za kunyonya unyevu) na kuziba ekzosi, njia ya hewa na bomba la kupumulia la injini. Silika ya buluu ikigeuka pinki, badilisheni. Propela isiguswe tena.

Na mafundi, mkiandika "imewashwa, iko sawa" kwenye kitabu cha injini, andikeni pia oili ilifika nyuzi ngapi na kwa dakika ngapi.