The Stepford Wives ya 2004 imetudharau watazamaji, nimechukia kweli

Wakuu habari zenu. Kama hujaziona muvi zote mbili, ile ya kwanza ya 1975 na hii ya 2004 iliyorudia stori hiyohiyo, pita tu, maana hapa namwaga mpaka mwisho wake.

Ya 1975 ndo kazi. Steringi Joanna (Katharine Ross) anahamishwa na mumewe Walter kutoka New York kwenda kamji kasafi huko Connecticut, manyumba makubwa, bustani safi, wake za watu wamependeza muda wote na stori zao ni usafi wa nyumba tu. Waume wana klabu yao na huko ndo yanatengenezwa maroboti yanayofanana na wake zao, mke mwenyewe anauawa. Kile kipande cha jikoni kwa shoga yake Bobbie, Joanna anamchoma kisu tumboni, damu haitoki, Bobbie anaanza kuzungukazunguka anadondosha vikombe huku anarudia maneno yaleyale ya kahawa na urafiki, jamani nilisisimka mwili mzima. Na hakuna anayekuja kumuokoa Joanna.

Sasa hawa wa 2004. Wanaye Nicole Kidman, Glenn Close, Bette Midler, Christopher Walken, halafu wanatuletea nini? Hawajui hata hao wanawake ni kitu gani! Kuna mke anatema noti mdomoni kama ATM, mwingine anatoa cheche kwenye dansi, maana yake ni maroboti si ndio? Mbele huko tunaambiwa eti hapana, wamewekewa chipu tu kwenye ubongo, zikizimwa wanarudi kawaida. Mtu mwenye damu yake anatoaje noti mdomoni? Nani aliisoma hiyo skripti akaipitisha?

Hilo ningelimeza. Kinachoniuma ni kwamba adui mkuu anakuja kuwa Claire, mwanamke, aliyemuua mumewe kwa sababu ya mchepuko akamtengenezea roboti la kumrithi, na mpango mzima wa mji ni wa kwake. Yaani wanaume wote wale waliokubali kwa hiari yao wake zao wafanywe midoli, mzigo anabebeshwa mwanamke mmoja! Walter naye wanamgeuza shujaa dakika za mwisho, na wenzake adhabu yao kubwa ni kusukuma troli supamaketi ili watu wacheke. Hapana kwa kweli.

Walter wa 1975 si jini wala si kichaa, ni mume wa kawaida, anakula meza moja na mkewe na watoto, na anajua kinachokuja na amekubali. Hapo ndo uoga wote wa hii stori ulipo, wao wameung'oa wakaona hatutashtuka.

Mnaoitetea ya 2004 njooni mnijibu hilo la noti na hilo la Claire, na msije na habari za eti ni komedi, ya 1975 nayo ina sehemu za kuchekesha na bado haikuwasafisha hao waume.