Viongozi wa Simba, nahodha anaondokaje bure, tena anakwenda Jangwani, kwa Yanga?

Wanasimba wenzangu, salaam. Utopolo, yaani ninyi mashabiki wa Yanga, mnaruhusiwa kusoma ila mkae kimya, huu ni msiba wa ndani.

Nimechoka na ule wimbo wa "hakuna mchezaji mkubwa kuliko klabu". Kila dirisha la usajili akiondoka mtu mnatuimbia huohuo, utadhani kuna shabiki aliyesema Tshabalala, nahodha wetu Mohamed Hussein, ni mkubwa kuliko Simba. Hakuna. Tunachouliza ni kidogo sana: mkataba wa Mohamed Hussein ulikuwa na tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo mliiweka ninyi wenyewe. Ilikuwaje ikafika bila mkataba mwingine kuwa umeshasainiwa?

Huyu bwana alikuja 2014 kutoka Kagera Sugar. Akala ukame pamoja nasi, ile miaka watani zetu Yanga wanabeba ubingwa mara tatu mfululizo na sisi tunajibanza kona za vijiwe. Akavumilia, akaja kubeba minne mfululizo kuanzia 2017/18. Robo fainali za Afrika kacheza hadi tukaanza kuziona ni haki yetu ya kuzaliwa. Mei 2025 tumefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, nahodha ni yeye. Berkane wakatupiga 2-0 kwao, tukaja kutoka 1-1 Amaan, Zanzibar, kombe likaenda Morocco. Hata machozi ya Amaan hayajakauka vizuri, tunaletewa picha kavaa kijani na njano za Yanga.

Halafu anatokea mtu anasema "kaisha yule". Kaisha? Agosti 2 mwaka huohuo, Kwa Mkapa, mechi ya ufunguzi wa CHAN (michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani), Taifa Stars inaichapa Burkina Faso 2-0. Bao la pili la nani? La beki wa kushoto "aliyeisha", tena kwa kichwa. Siku chache baadaye Kapombe, beki wetu wa kulia, naye akamalizana na Mauritania dakika za mwisho kabisa. Mabeki wawili wa pembeni waliolelewa na jezi nyekundu ndio walioibeba nchi, na mmoja wao tumemwacha akaondoka bila senti moja kuingia Msimbazi, klabuni kwetu.

Hiyo ndiyo inayonichoma. Wachezaji kuondoka ni kazi yao, waende. Mimi sijawahi kulia kwa sababu mtu kauzwa. Agosti 2021 mliwauza Miquissone na Chama ndani ya dirisha moja, mmoja Al Ahly, mwingine RS Berkane. Iliniuma, maana Konde Boy, yaani Miquissone, ndiye aliyewatungua haohao Al Ahly 1-0 Februari ile. Lakini nilinyamaza. Fedha iliingia, mchezaji akapanda daraja, na sisi tukaambiwa tunajenga upya. Gharama tuliiona Oktoba, pale Jwaneng Galaxy walipokuja kutufunga 3-1 nyumbani baada ya sisi kuwafunga 2-0 kwao. Ligi ya Mabingwa ikaishia hapo. Msimu ule Yanga wakachukua ubingwa, na hadi 2024/25 wakawa wameushika misimu minne mfululizo. Sawa. Ile ilikuwa biashara, na biashara ina hasara. Huyu wa sasa ametupa biashara gani?

Sasa nije kwa Chama, maana najua mtamleta.

Chama nilikuwa upande wa viongozi. Nisemeni mnavyotaka. Lile bao la kisigino dhidi ya Nkana Desemba 2018 nalikumbuka, na lile la dakika za lala salama dhidi ya AS Vita lililotupeleka robo fainali Machi 2019 nalikumbuka zaidi, sauti ilinikauka siku mbili. Kutoka Berkane alirudi kwetu, ila kufikia 2024 miguu ilikuwa imeanza kuomba ruhusa. Klabu yenyewe ilishamsimamisha Desemba 2023 ikitaja nidhamu. Yanga wakamchukua, wakakaa naye msimu mmoja, kisha akaonekana Singida Black Stars. Kwa hiyo kimpira, kumwacha Chama halikuwa kosa kubwa kama tulivyolia wakati ule. Wale waliochana jezi mtandaoni walichana bure.

Lakini angalieni namna alivyoondoka. Desemba umemsimamisha, kwa hiyo tatizo unalijua. Januari unaingia dirisha dogo na mchezaji ana nusu mwaka tu kwenye mkataba. Kanuni za FIFA ziko wazi: mkataba ukibakiza miezi sita, mchezaji ana haki ya kusaini na klabu nyingine, na wewe huna la kumfanya. Muuze Januari, au muongezee, au mwambie wazi kwamba mwisho wa msimu mnaagana kwa heshima. Ninyi mlichagua la nne: kusubiri. Julai watani wakamtambulisha kwa mbwembwe, na sisi tukabaki tunabishana kama alikuwa anatufaa au hapana.

Majira hayohayo Yanga nao walikuwa na mtu wao mkataba unaisha. Aziz Ki, mfungaji bora wa 2023/24 kwa mabao 21. Kila siku magazeti yanamtajia klabu mpya. Wakamng'ang'ania, wakamwongezea mkataba, akawachezea msimu mwingine wa ubingwa, 2025 wakamuuza Wydad. Mayele kabla yake waliuza Pyramids. Feisal Salum alipotaka kuondoka kwa nguvu, waliukumbatia mkataba wao hadi Azam wakaja mezani kuzungumza. Mimi siwapendi wale watu, na hili kuliandika limeniuma vidole. Ila wanajua karatasi ni mali.

Sisi? Mkude, mtoto wa Simba B kabisa, 2023 kapewa "thank you", kaenda Jangwani, kachukua ubingwa. Baleke katikati ya msimu 2023/24 ndiye tegemeo la mabao, najua alikuwa wa mkopo kutoka Mazembe, ila Januari mkamtoa yeye na straika mwenzake Phiri kwa mpigo! Mkawaleta Freddy na Jobe. Nakumbuka kuna jamaa alinibishia kwamba Jobe ni fundi, subiri azoee hali ya hewa. Mwisho wa msimu tuna pointi 69, Azam wana 69, wanatupita kwa tofauti ya mabao, wao Ligi ya Mabingwa, sisi Shirikisho. Tofauti ya mabao! Msimu ambao tulibadilisha mastraika wote wawili ligi ikiwa inaendelea. Na Baleke? Julai akatambulishwa mnajua wapi, Jangwani.

Jirani akikuta geti lako wazi kila mwaka na akachukua kitu, kuna siku lazima umuulize mlinzi.

NYONGEZA: Naona wengi mnanijibu kwamba Tshabalala alitaka hela nyingi. Hilo hamlijui, na mimi silijui, kwa sababu hakuna kiongozi aliyetueleza. Lakini tuseme ni kweli. Nahodha aliyekaa zaidi ya miaka kumi akitaka hela nyingi ni ajabu? Wageni tunaowaleta kila dirisha, nusu yao tunawaaga ndani ya mwaka, hao walikuja kwa sadaka? Signing fee (hela ya kusaini), nyumba, tiketi za ndege, kisha kuvunja mkataba kwa kulipana. Jumlisheni, halafu mniambie beki wa kushoto aliyeizoea ligi, anayejua uwanja wa Manungu ukoje mvua ikinyesha, ni ghali kuliko hao.

Na wewe uliyeandika "angeipenda Simba angepunguza mshahara", mkuu, wewe kazini kwako umewahi kumwambia bosi akupunguzie kwa mapenzi? Mpira unachezwa kwa miguu na miguu ina mwisho. Mchezaji simlaumu hata kidogo. Angeniuliza ushauri ningemwambia asubiri sisi kwanza, lakini inavyoonekana kusubiri alisubiri.

Ninachotaka ni kitu kinachowezekana leo. Klabu itangaze mikataba inaisha lini. Siyo mishahara, hiyo ni siri yao, tarehe tu. Klabu za wenzetu huko duniani shabiki anajua fulani mkataba wake unaisha Juni ya mwaka gani. Hapa tunaambiwa "miaka miwili" siku ya utambulisho, halafu kimya hadi siku ya bango la kuagana. Tukizijua tarehe, Oktoba tu tutaanza kuuliza, na atakayekuwa ofisini itabidi ajibu kabla ya Januari.

Anayekuja kuniambia nihamie Yanga, aanze na swali la Tshabalala. Akishindwa, apite tu.