Tupeane uzoefu: tamthilia ya muuaji wa kweli iliyokugusa, iliyokukera au iliyokunyima usingizi

Mleta uzi
Wakuu, salaam. Leo tuweke kando zile za kubuni, za mpelelezi mlevi na muuaji mwenye kinyago. Naongelea tamthilia za wauaji waliokuwepo kweli, zile ambazo mwishoni zinaletwa picha za marehemu, unajikuta unatazamana na mtu halisi na wewe bado umejilaza kwenye kochi.

Iliyonishika mimi ni ya Jeffrey Dahmer, muuaji wa Marekani, ile ya Netflix ya 2022 aliyoigiza Evan Peters. Walionitangulia walinitisha na habari za friji na pipa alimoweka mabaki ya watu. Kilichonikaa kooni ni polisi. Mei 1991, kule Milwaukee, mtoto wa miaka 14 alitoka kwenye fleti ya Dahmer akiwa uchi, ameleweshwa dawa, hajiwezi. Mabinti wakaita polisi. Polisi wakaja, Dahmer akawaambia ni ugomvi wa wapenzi, wakamrudisha mtoto ndani kwa mikono yao. Akauawa. Jirani mmoja, Glenda Cleveland, akapiga simu kuuliza yule mtoto kaishia wapi, akajibiwa kwamba si mtoto, ni mtu mzima.

Nilisimamisha hapo nikaenda kutafuta, nikidhani ni chumvi ya waandishi. Sio chumvi. Wale askari walifukuzwa kazi, baadaye mahakama ikawarudisha. Nikaendelea kutazama na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi.

Haya, tiririkeni. Ulitazama ipi, ulijisikiaje, ulimaliza au ulizima?

Jicho Kavu
Nilizima sehemu ya kwanza. Nimepita kusalimia tu.

Nesi wa Zamu
Hiyo hiyo ya Dahmer. Tulianza na mume wangu, yeye akasinzia sehemu ya pili. Sijui ni moyo wa namna gani ule. Nikabaki mwenyewe saa nane za usiku, kila baada ya muda nainuka kuangalia kitasa.

Ila woga haukuwa shida yangu kubwa. Zile sehemu za utotoni, mama mgonjwa, baba kaondoka, kijana peke yake kwenye nyumba nzima, zilinifanya nimhurumie, tena huruma ya kweli. Nikajichukia kidogo. Halafu ikaja sehemu ya sita, ya yule kijana kiziwi. Humo sauti inakatwa mahali mahali, unabaki kwenye ukimya wake, watu wanaongea kwa ishara. Unakaa naye na mama yake, na marafiki zake, na ndoto yake ya kuwa mwanamitindo. Unampenda, na unajua anakoelekea. Nilikuwa naomba Dahmer asitokee kabisa kwenye kioo, wakati tamthilia ni yake!

Huruma yangu iliishia hapo. Ila swali likabaki: waliouawa ni 17. Mbona mmoja tu ndiye aliyepewa saa yake nzima?

Mzee wa Rimoti
Nesi, umegusa penyewe. Sisi tumekulia kwenye steringi hafi. Unajua mapema nani steringi na nani adui, roho yako unaiweka upande mmoja. Hawa wenzetu wamemchukua adui wakampa kiti cha steringi: kamera yake, muziki wake, utoto wake. Roho itaenda wapi?

Na wakimpa mwigizaji mwenye sura ndiyo basi tena. Mpwa wangu alikuwa na picha ya Ted Bundy, muuaji mwingine wa Marekani, kwenye simu, eti "alikuwa mzuri jamani". Mtu aliyewanyonga wasichana usingizini. Hakuwa peke yake. Januari 2019, baada ya Netflix kutoa mfululizo wa kanda za Bundy, wenyewe waliandika mtandaoni kuwakumbusha watazamaji kwamba humo kwao kuna maelfu ya wanaume wenye mvuto, na karibu wote si wauaji waliohukumiwa. Nilicheka, halafu nikaona hakuna cha kuchekesha.

Fundi Sauti
Naomba nitofautiane kidogo, inategemea mwandishi. Kuna *Des* ya ITV, televisheni ya Uingereza, ya 2020, David Tennant akiwa Dennis Nilsen. Inaanzia siku anayokamatwa, Februari 1983, baada ya mabomba ya maji taka ya nyumba aliyokuwa akiishi London kuziba, na kilichoyaziba kikawa mabaki ya watu. Mauaji yenyewe huonyeshwi. Polisi wanamuuliza kwenye gari, ni mwili mmoja au miwili? Anajibu kumi na tano au kumi na sita. Kama mtu anayetaja idadi ya viti ukumbini.

Mimi damu hainitishi, nimeshazoea. Utulivu ule ndio ulinitoa jasho. Huyu alikuwa mtumishi wa serikali, kazi yake kuwasaidia wasio na ajira. Na nusu ya tamthilia polisi wanahangaika kujua marehemu ni akina nani, kwa sababu wengi walikuwa vijana wasio na makazi ambao hakuna aliyekuwa akiwatafuta. Alihukumiwa kwa mauaji sita tu. Nilipomaliza sikuwa namfikiria Nilsen. Niliwafikiria wale ambao hata majina hayakupatikana.

Kimya Kingi
Huwa nasoma tu, leo niandike.

Kwetu kuna ndugu aliuawa. Aliyemuua si maarufu, hakuna atakayemtengenezea filamu, nashukuru Mungu. Ile ya Dahmer ilipotoka, kazini kila mtu alikuwa anaisimulia, na mmoja akauliza kwa furaha kabisa, "wewe muuaji gani unampenda zaidi?" Niliondoka mezani, nikasema napokea simu.

Nikaitazama baadaye ili nijue wanaongelea nini. Nilifika mahakamani, pale dada wa mmoja wa marehemu anapomfokea Dahmer hadi anazuiwa. Nikapata habari kwamba dada huyo yuko hai, na kwamba hakuna mtu wa tamthilia aliyemtafuta kabla. Aliwasha akamkuta mwanamke mwenye nywele kama zake na nguo kama zake, anayasema maneno yake. Nami nilisimama mahakamani siku moja, nikasema niliyoyasema mbele ya yule mtu. Yale hayakuwa maneno ya kuandikiwa mwigizaji. Sijui kama nyie mnaelewa.

Sikuirudia tena.

Mleta uzi
Pole sana, Kimya. Asante kwa kutuambia.

Fundi Sauti
Pole, Kimya. Kuna moja ambayo labda isingekukera, ya Peter Sutcliffe, muuaji wa wanawake kule Uingereza, *The Long Shadow*, ITV, 2023. Kichwa cha awali kilikuwa na lile jina la utani la kutisha alilopewa na magazeti. Familia zikalalamika, kikabadilishwa. Sutcliffe mwenyewe humwoni karibu hadi mwisho. Unaowaona ni wanawake, watoto wao, deni la nyumba, na polisi waliomhoji mara tisa wakamwachia, huku wakikimbizana na kanda ya sauti ya tapeli aliyejifanya ndiye muuaji.

Jicho Kavu
Mara tisa??

Fundi Sauti
Tisa, mkuu. Alikuja kukamatwa Januari 1981 kwa sababu gari lake lilikuwa na namba bandia.

Abiria wa Mwisho
Mimi yangu ni *The Serpent*, ya Charles Sobhraj, yule aliyekuwa akiwawekea sumu watalii Asia miaka ya sabini. Inarukaruka miaka mbele na nyuma hadi kichwa kinauma, lakini Tahar Rahim na ile miwani, balaa. Niliitazama kwa raha zangu nikijua jamaa yuko jela Nepal, amezeeka, kesi imekwisha. Desemba 2022 nafungua habari, Mahakama ya Juu ya Nepal imeamuru aachiwe, na picha yuko ndani ya ndege anarudi Ufaransa. Mwili ulisisimka kuliko sehemu zote nane. Kumbe nilikuwa namtazama mtu ambaye naye angeweza kukaa akajitazama!

Hata hivyo sikubali kwamba zote ni biashara ya misiba. Bila ile tamthilia nisingemjua Knippenberg, mwanadiplomasia kijana wa Uholanzi aliyekusanya ushahidi wakati wakubwa wake wanamwambia aachane nayo.

Kimya Kingi
Sikatai, Abiria. Mpelelezi umemtaja, muuaji umemtaja, hata mwigizaji umemtaja. Nitajie mmoja aliyewekewa sumu.

Abiria wa Mwisho
Dah. Kulikuwa na wapenzi wawili Waholanzi. Nyuso zao nazikumbuka.

Nesi wa Zamu
Fundi, hiyo *The Long Shadow* ina sehemu ngapi? Safari hii mume wangu halali.

Fundi Sauti
Saba. Anzeni mchana.